Mbu mgeni Turkana: Tarakilishi zasaidia kumfichua

Wengi wetu tuishio mijini hudhani kwamba malaria ni ugonjwa wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, na kwamba sehemu kame kama Turkana hazina mbu wa kuogopewa. Dhana hiyo imepitwa na wakati.

Kuna mbu aitwaye Anopheles stephensi, ambaye asili yake ni Bara Hindi na nchi za Ghuba. Barani Afrika alionekana kwa mara ya kwanza Djibouti mwaka wa 2012. Mwaka huo nchi hiyo ilihesabu wagonjwa 27 wa malaria. Kufikia 2020 walikuwa zaidi ya 73,000. Mwishoni mwa 2022 mbu huyu alipatikana Marsabit, na baadaye akapatikana Turkana pia.

Je, anatofautianaje na mbu tuliowazoea? Wale huzaana zaidi katika vidimbwi vya mvua na mabwawa. Huyu hupenda maji ya akiba: tangi, pipa, mtungi. Kwa hivyo hahitaji kungoja masika. Lodwar na Kakuma ni miji ya jua kali, na kila nyumba hulazimika kuweka maji. Lakini hata wewe uliye mjini una tangi lako.

Kumtambua si kazi rahisi. Kwa macho hufanana sana na jamaa zake, hata mtaalamu anaweza kudanganyika. Ndiyo maana watafiti wa KEMRI humpima chembe za urithi, yaani DNA. Mashine ya maabara husoma sehemu ya DNA hiyo na kuiandika kama mfululizo mrefu wa herufi nne tu: A, C, G na T.

Hapa ndipo tarakilishi inapoingia. Mtafiti huzituma herufi hizo kwa programu iitwayo BLAST, iliyotolewa mwaka wa 1990. Programu hiyo huzilinganisha na kumbukumbu zilizowekwa na maabara za dunia nzima katika hazina iitwayo GenBank, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1982. Muda si mrefu jibu huja: mbu huyu ni wa aina gani, na anakaribiana na yupi aliyepatikana Ethiopia, Djibouti au India. Huduma hiyo haitozwi hata senti. Kila maabara huchota humo, na yenyewe huongeza ilichopata. Maabara isiyoweka chake huwanyima wenzake onyo.

Upande wa wagonjwa, tangu 2011 Kenya imekuwa ikitumia programu ya DHIS2, iliyobuniwa kwa uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo. Zahanati ya Kakuma ikijumlisha visa vyake vya mwezi, afisa aliye Lodwar na mwenzake wa Nairobi huona hesabu ile ile. Usihofu, hesabu hizo hazina majina ya wagonjwa. Malaria ikipanda katika mwezi usio na mvua, hiyo ni ishara kwa watafiti kwenda kukagua matangi.

Lakini tarakilishi haijui asiyepimwa. Homa inayotibiwa kwa kubahatisha, kwa vidonge vya dukani, haiandikwi popote. Mgonjwa huhatarisha maisha yake, na mtaa mzima hukosa tahadhari.

Basi zingatia haya:

• Funika tangi, pipa na mitungi barabara, pasibaki mwanya wa mbu kupenya.

• Vyombo vya maji visivyo na kifuniko vimwage na kuvisugua kila wiki, kwa sababu mbu huyu hutaga mayai yake juu ya maji.

• Ukipata homa, pimwa damu siku hiyo hiyo au kesho yake, hata kama hujasafiri. Ikiwa umetoka Turkana, Marsabit au penginepo, mweleze daktari.

• Endelea kulala ndani ya neti, ingawa mbu huyu huweza kuuma hata kabla ya saa za kulala.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii huanzia kwenye kifuniko cha tangi lako.