Je, Wajua? Askrimu Iliyozua Swali la Fizikia

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza askrimu: wanachemsha maziwa, wanayatia sukari, wanayaacha yapoe, kisha wanayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa finyu. Mpemba akaogopa kuikosa, akaingiza yake yakiwa bado ya moto.

Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa baridi!

Mwalimu hakuamini, na darasa likamcheka. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza sababu yake Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuja kutoa mhadhara. Osborne alilijaribu jambo hilo Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana kama hali hiyo hutokea kweli, na kwa nini. Kwa somo la fizikia, ubishi huo ni mtaji.

Barafu ina hesabu na jiografia pia. Mwaka 1833 meli ilitoka Boston, Marekani, na takriban tani 180 za barafu, ikavuka ikweta mara mbili, ikafika Calcutta, India, na takriban tani 100. Asilimia ngapi iliyeyuka?

Kemia nayo imo: chumvi ikichanganywa na barafu huweza kushusha halijoto hadi nyuzi 21 za Selsiasi chini ya sifuri.

Walimu, jaribuni na barafu za ukwaju. Matokeo yaandikwe kabla hayajaliwa.