Namna Dawa Zishikavyo Mfereji wa Kalsiamu

Moyo hupiga, na mishipa ya damu hujikaza, kwa kuwa ioni za kalsiamu, yaani chembe zake zenye umeme, huingia katika seli kwa njia ya mifereji ya protini. Verapamili, nifedipini na amlodipini ni dawa zipunguzazo mwingilio huo. Matabibu walizitumia miaka mingi kabla ya kuonekana mahali hasa zinaposhika.

Umbo la mfereji lilipokuwa halijulikani, wataalamu walilikisia kwa jamaa zake, kama mwanaisimu akisiavyo neno lililopotea kwa kulinganisha lugha za ukoo mmoja. Mwaka 1998 Roderick MacKinnon na wenziwe walidhihirisha umbo la mfereji wa potasiamu wa bakteria. Wengine wakalifanya kielelezo, wakapanga juu yake asidi amino za mfereji wa kalsiamu, kisha kwa kompyuta wakatafuta mahali ambapo dawa ingekaa pasipo kugongana na atomi zilizo jirani.

Kazi hiyo yataka hadhari. Kuta za mfereji ni minyororo ya asidi amino iliyojisokota kama kamba. Kosa la nafasi moja katika kuipanga huigeuza asidi kwa digrii 100 hivi, hata ile iliyopaswa kuielekea dawa ikaipa kisogo. Kwa hiyo mifano hiyo ilipimwa kwa majaribio: asidi moja hubadilishwa, kisha hutazamwa kama dawa imepungukiwa na nguvu.

Mwaka 2016 dawa zilionekana zimeshika katika mfereji wa bakteria uliogeuzwa upitishe kalsiamu, na mwaka 2019 katika mfereji wa misuli ya sungura. Verapamili hukaa katikati ya njia na kuiziba. Nifedipini hukaa ubavuni, baina ya sehemu ya tatu na ya nne ya protini, upande ambao majaribio ya awali yalikwisha kuuelekeza. Haisimami njiani, bali huathiri umbo la mfereji hata usipitishe kalsiamu kama ilivyo desturi.

Jambo hili lawahusu pia watunga istilahi. Neno “kizibo” laifaa verapamili, lakini likitumiwa kwa nifedipini litamfundisha msomaji jambo lisilo kweli. “Kizuizi” ni pana zaidi, nalo lazifaa zote mbili.