Unabadilisha paa? Panga pia malipo ya lori la kubeba uchafu

Kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, kabla mvua ndefu haijafika, kumpata fundi wa paa Nyeri, Karatina, Othaya au Nanyuki ni kazi. Kila mtu anataka kuezeka wakati huo huo. Bajeti inakuwa na mabati, mbao, misumari, kofia za paa na pesa ya fundi. Kinachosahaulika ni lile rundo linalobaki uani: mabati yenye kutu, mbao zilizooza na misumari iliyotapakaa pale watoto wanapocheza.

Marekani mwenye nyumba hukodisha pipa kubwa la chuma, likaachwa nje ya nyumba siku kadhaa hadi lijae. Huku kwetu tunakodisha kanta, tipa au pikapu, na bei huwa ni ya kila tripu. Kwa hivyo ni muhimu kujua mzigo wako unatosha tripu ngapi kabla hujapiga simu. Bati la gauge 30 la mita 3 lina uzito wa kilo 5 hivi. Mabati 100 basi ni kama nusu tani, uzito ambao kanta haiuhisi. Kinachoijaza ni nafasi, hasa mabati yakitupwa ovyo badala ya kupangwa. Vigae vya saruji ni hadithi nyingine. Mita moja mraba inaweza kufika kilo 40 na zaidi, kwa hivyo paa la mita mraba 150 linapita tani 6. Ukimwambia dereva "ni paa tu", atakuja na gari dogo na bei itabadilika akiwa tayari uani kwako.

Bei mliyokubaliana inalipia nini?

Uliza nani anapakia, nani analipa ada ya jaa kama ipo, na mzigo unaenda kumwagwa wapi. Hilo la mwisho wengi hulipuuza. Taka zikionekana asubuhi kando ya mto Chania, majirani wanajua vizuri sana ni nani aliyeezua paa wiki hiyo.

Mkimaliza kuongea, mtumie dereva ujumbe mfupi wenye yote hayo: "Tripu 2, kupakia ni juu yako, bei ni hii, unamwaga jaa la kaunti." Akijibu "sawa", mna makubaliano yaliyoandikwa, na hayajagharimu chochote.

"Bosi, nitumie ya mafuta kwanza"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Umepata namba kwenye kikundi cha WhatsApp au kwenye bango. Mtu anaongea vizuri, bei yake iko chini kidogo, anasema lori liko njiani kutoka Karatina ila linahitaji mafuta. Unatuma. Nusu saa baadaye simu imezimwa.

Tunataka wateja wetu waelewe jambo hili bila kuzungushwa. Huduma ya kurudisha pesa ni ya mtu aliyekosea namba. Ukituma kwa namba uliyoikusudia na ukaweka PIN yako mwenyewe, kwa mfumo huo ni malipo halali, hata kama lori halikuja. Na hata kwa namba iliyokosewa, tunachoweza kuzuia ni kile kilichobaki kwenye akaunti ya mpokeaji. Akishazitoa kwa ajenti, hakuna cha kuzuia. Ukitapeliwa, tupigie mara moja na uripoti polisi, lakini usitume ukidhani tutakurudishia tu.

Ni kweli wenye malori wengine huhitaji mafuta kwa dhati, na hatusemi kila anayeomba ni mwizi. Lipa ya mafuta gari likiwa limefika na umeliona. Salio la tripu ya kwanza litoke mzigo ukishapakiwa, na la mwisho uwanja ukiwa safi.

Kuna mtego mwingine ambao hauna utapeli wowote mwanzoni. Dereva si lazima awe mwenye gari. Unamlipa dereva kwenye namba yake, jioni mwenye gari anakupigia akidai pesa zake. Uliza mapema ni nani wa kulipwa, na kama biashara ina namba ya till, tumia hiyo. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kama si jina uliloambiwa, simama, uliza. Ule ujumbe wa muamala usiufute hadi kazi iishe, maana ndiyo risiti yako.

Paa likiwa la asbesto

Usiite lori la kawaida. Baadhi ya nyumba za zamani za walimu, za serikali na za mashirika bado zina yale mabamba mazito ya kijivu yenye mawimbi. Asbesto ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2006, na ni taka hatari kisheria. Likivunjwa au kukatwa kwa msumeno linatoa vumbi linaloweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye, kwa fundi, kwa dereva na kwa watu wa nyumbani. Wasiliana na ofisi ya NEMA ya kaunti yako wakuelekeze kwa walio na leseni ya kuliondoa na kulizika. Gharama ni kubwa kuliko ya kanta, kwa hivyo iingize kwenye bajeti kabla fundi hajapanda ngazi. Na tafadhali, usiligeuze kuwa paa la banda la kuku.

Mabati ya zamani yana bei

Yaliyo mazima hununuliwa na majirani kwa ajili ya mabanda na vibanda. Yaliyotoboka huchukuliwa na wa vyuma chakavu, ambao kwa sheria ya mwaka 2015 wanatakiwa kuwa na leseni. Yauze kabla ya kuita lori na huenda ukapunguza tripu nzima. Mnunuzi akisema ameshalipa, usitegemee ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake, wala ule uliokuja kwako kutoka namba ya kawaida. Angalia salio lako mwenyewe, kisha ndipo mabati yatoke getini.