Mapumziko ya pwani Italia kwa treni ukiwa na mtoto mdogo: anza na stesheni

Mama aliyejifungua miezi michache iliyopita huambiwa na kila mtu apumzike. Wachache humwambia akapumzikie wapi. Kwa akina mama wanaoishi Milano, Torino, Bologna au Roma, na wale wanaokwenda huko kuwatembelea ndugu, jibu la kila kiangazi ni lile lile: panda treni uende baharini. Ni ushauri mzuri. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 4 halipiwi nauli kwenye treni za kawaida akipakatwa, na unaweza kumnyonyesha njiani bila kusubiri gari lisimame. Shida huanza pale mahali panapochaguliwa kwa picha.

Picha haionyeshi ngazi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya chumba, mimi humwuliza mama swali hili: kutoka treni inaposimama hadi penye kivuli na kitanda, utatembea umbali gani, kwenye njia ya aina gani, na utakuwa umebeba nini? Aliyejifungua kwa upasuaji hushauriwa katika wiki za mwanzo asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Kupandisha kigari, begi na mtoto kwenye ngazi saa saba mchana mwezi wa Agosti si mapumziko, hata kama bahari inaonekana kutoka dirishani.

Je, stesheni iko karibu na bahari kweli?

Jina la stesheni linaweza kukudanganya. Ipo stesheni iitwayo Fondi-Sperlonga, kati ya Roma na Napoli, lakini ufukwe wa Sperlonga uko kilomita nyingi kutoka hapo na utahitaji basi. Amalfi na Positano hazina treni kabisa. Watu hufika Salerno au Sorrento, kisha hupanda basi kwenye barabara yenye kona nyingi au boti, na wakifika hukuta mji uliojengwa mlimani. Corniglia, kimoja cha vijiji vitano vya Cinque Terre, kina stesheni chini na kijiji juu, na kati yake kuna ngazi zaidi ya 370. Diano Marina ilikuwa rahisi zamani, lakini mwaka 2016 reli ilihamishwa mbali na bahari pamoja na stesheni yake. Ukisoma maelezo ya kabla ya hapo utapotea.

Sasa zile ninazozipenda. Senigallia, kwenye pwani ya Adriatiki kati ya Rimini na Ancona, ina stesheni katikati ya mji na ufukwe. Unashuka, unatembea dakika chache, unakanyaga mchanga. Rimini yenyewe iko kama saa moja kutoka Bologna kwa treni ya haraka, na kutoka stesheni hadi baharini ni kama kilomita moja ya njia tambarare. Kelele ni nyingi Agosti, lakini kwa kigari cha mtoto tambarare ni neema. Upande wa Liguria, Alassio ina ufukwe mrefu wa mchanga karibu na stesheni. Katika Cinque Terre chagua Monterosso, kwani stesheni yake inatazama ufukwe moja kwa moja. Vijiji vingine vinne vina miamba zaidi kuliko mchanga. Walio Roma wana Anzio na Nettuno, mwishoni mwa reli inayotoka Termini, safari ya saa moja na kidogo.

Kina cha maji nacho kina maana. Pwani ya Rimini hadi Senigallia maji hubaki mafupi kwa umbali mrefu, wakati sehemu nyingi za Liguria kina huongezeka haraka. Lakini maji mafupi hayamlindi mtoto peke yake. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache, na huzama kimya, bila kupiga kelele. Awe umbali ambao mkono wako unamfikia. Bendera nyeupe ina maana waokoaji wapo na bahari ni tulivu. Nyekundu ina maana usiingie. Ufukwe wa bure huitwa spiaggia libera, na mara nyingi hauna mwavuli wala choo. Kwenye ufukwe wa kulipia unapata mwavuli, vitanda na mara nyingi bafu. Kwa mwenye mtoto mchanga, ningelipa siku mbili zenye kivuli kuliko kukaa siku nne juani.

Lini uende?

Juni au Septemba, ukiweza. Bahari ya Septemba bado ina joto, vyumba hushuka bei, na treni hazijai kama wiki ya sikukuu ya Agosti 15, ambapo karibu nchi nzima huwa safarini. Wakati wa kiangazi Wizara ya Afya ya Italia hutoa taarifa za joto kali kwa miji 27. Mji wako ukiwa kwenye kiwango chekundu, usianze safari mchana na mtoto mchanga. Ondoka alfajiri.

Joto na mtoto mchanga

Nyanya zetu wengi watakuambia umpe mtoto maji kwa sababu ya joto. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya maziwa ya mama pekee hahitaji maji hata kwenye joto. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe ndiye unywe maji. Kati ya saa tano asubuhi na saa kumi alasiri mtoto awe kivulini au ndani. Kabla ya miezi 6, mkinge kwa kofia, nguo nyepesi na kivuli badala ya kutegemea mafuta ya kukinga jua. Ngozi nyeusi huungua pia, na haizuii joto kuingia mwilini.

Jambo moja naliona sana: kufunika kigari kwa kanga ili mtoto alale. Tafadhali acha. Hewa haipiti, na joto ndani ya kigari hupanda haraka kuliko nje. Tumia mwavuli wa kigari, na umguse mtoto shingoni mara kwa mara.

Mpeleke mtoto hospitali haraka akiwa na nepi kavu kwa saa sita au zaidi, utosi uliobonyea, mdomo mkavu, analia bila machozi, au amelegea na hataki kunyonya. Ukinunua dawa ya kuongeza maji mwilini kwenye duka lenye msalaba wa kijani, soma kiasi cha maji kwenye pakiti. Tumezoea pakiti moja kwa lita moja, lakini nyingi za Ulaya huchanganywa na mililita 200 hivi. Ukiweka lita moja, dawa inakuwa nyepesi mno.

Siku ya safari

Treni za kawaida kwa kawaida hazina viti vya kuhifadhiwa, hivyo fika mapema. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Chunguza kama kuna mgomo siku hiyo. Siku za kazi, treni kadhaa za mikoani huhakikishwa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Kama unamsindikiza mzee au mtu asiyeweza kutembea vizuri, ofisi za Sala Blu kwenye stesheni kubwa hutoa msaada wa kumpandisha na kumshusha, ila ni lazima uombe mapema.

Beba kadi ya afya ya mtoto, kadi yako ya bima, na kadi ya chanjo. Asiye na kibali cha kuishi anaweza kuomba namba ya STP, inayodumu miezi sita na kuongezwa. Kwa namba hiyo mjamzito na mtoto hupata huduma. Miji mingi ya pwani huweka daktari wa watalii msimu wa kiangazi, aitwaye guardia medica turistica. Siku ya kwanza ukifika, mwulize mwenye nyumba yuko mtaa gani. Dharura yoyote, piga 112. Ya baharini, 1530.