Kuhamisha msumeno wa meza: Uzito si hatari pekee

MAFUNDI seremala wengi hukutana na kazi hii mara chache katika maisha yao. Karakana inahama, au mashine kongwe imenunuliwa kutoka kiwanda kilichofungwa, na msumeno wa meza wenye uzito wa kilo mia kadhaa hauna budi kupandishwa kwenye lori.

Mara nyingi huitwa vibarua wanne, huhesabu hadi tatu na kuinua. Hapo ndipo vidole husagika, migongo huumia na mashine yenyewe kuvunjika.

Misumeno ya zamani, kama ile ya kampuni ya Wadkin ya Leicester, Uingereza, au Unisaw iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Delta ya Marekani mwaka 1939, ina sehemu nyingi za chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Uzito wake hupunguza mtikisiko mbao zinapopasuliwa. Hata hivyo, chuma hicho hakipindi. Kikipata pigo kali huvunjika ghafla kama chungu.

Hesabu yenyewe inatosha kuonya. Mashine ya kilo 300 ikibebwa na watu wanne, kila mmoja hubeba kilo 75. Mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, unataja kilo 25 kuwa kiwango cha tahadhari kwa mwanamume, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, usawa wa kiuno. Aidha, mmoja akijikwaa, mzigo wake huwaangukia wenzake papo hapo.

Kwa sababu hiyo, kazi huanza kwa kupunguza uzito. Umeme hukatwa na fundi umeme, kisha diski yenye meno, kinga, reli ya kuongozea mbao na mabawa ya meza hufunguliwa. Mota inayoning'inia ndani huegemezwa kwa gogo ili isiyumbe njiani na kuvunja mhimili wake.

Hatua ya pili ni kuinua kidogo kidogo. Mtaimbo huinua upande mmoja sentimita chache, kipande cha mbao ngumu huwekwa chini, kisha upande wa pili hufuata. Mikono haiingizwi chini ya mashine hata mara moja. Meza ya juu nayo haitumiki kama mshikio, kwani nguvu zote hubebwa na bolti chache zinazoishikilia.

Mashine ikishafungwa kwa bolti juu ya jukwaa la mbao nene, husukumwa juu ya mabomba matatu au zaidi ya chuma. La nyuma likitoka, hupelekwa mbele.

Penye mteremko wa kupandia lori, mashine huvutwa kwa winchi, na hakuna anayesimama upande wa chini. Kwa kuwa uzito mwingi uko juu, mashine hupinduka upesi. Ikianza kuanguka, iachwe ianguke. Mashine hununuliwa tena, mguu haununuliwi.

Ndani ya lori, huwekwa karibu na kichwa cha gari na kufungwa kwa mikanda pande zote nne, ikiwa imesimama.

Hatari ya mwisho husahaulika kwa kuwa safari imekwisha. Misumeno mingi ya viwandani hutumia umeme wa njia tatu, na nyaya mbili zikibadilishana nafasi, mota huzunguka kinyume. Diski inayozunguka kinyume inaweza kurusha mbao, au kulegeza nati inayoishika. Hivyo mota hujaribiwa kwanza bila diski, na fundi umeme hurekebisha nyaya ikibidi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda walio chini yake. Kwa mwenye karakana, gharama ya kukodi winchi kwa siku moja ni ndogo kuliko ya kumuuguza kibarua aliyevunjika mguu.