Kasha la Kompyuta: Usinunue Taa, Nunua Upepo

Leo tulizungumzie lile sanduku la bati linalokaa chini ya meza, ambalo wengi wetu maofisini tumezoea kuliita "sipiyu". Kwa kweli jina hilo si lake. Sipiyu ni kile kidude kidogo cha ndani kinachofanya hesabu. Sanduku lenyewe ni kasha, ni nyumba tu. Lakini kila mpangaji anajua kwamba nyumba ikivuja, vyombo vizuri vya ndani haviokoi kitu.

Nayasema haya kwa kuwa yamenikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda dukani kuunganishiwa kompyuta ya kuhariri vipindi nyumbani. Nikavutiwa na kasha lenye kioo mbele na taa za rangi zote. Muuzaji akanihakikishia, "Kaka, hili limekamilika, hata pawasaplai imo humo humo." Nikaona nimelamba dume. Haukupita mwaka. Usiku mmoja wa joto ukasikika mlio mmoja mkali, kisha harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Pawasaplai ilikufa, ikaondoka na madabodi pamoja na diski iliyokuwa na mahojiano yangu ya miaka minne, mengine ya wazee ambao leo hawapo. Kompyuta nilinunua nyingine. Sauti zile sikuzipata tena.

Je, mtu mwenye fedha ya kiasi achague vipi?

Kwanza, kipimo. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa utaratibu uitwao ATX, unaoeleza ukubwa wa madabodi na mahali pa matundu yake ya skrubu. Madabodi ya ATX ina milimita 305 kwa 244, na ndogo yake, Micro ATX, ni 244 kwa 244. Utaratibu huo bado unatumika. Maana yake ni kwamba kasha zuri unaweza kukaa nalo miaka mingi, ukabadilisha vya ndani mara mbili au tatu. Ila jihadhari na makasha ya kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini: baadhi yalitengenezwa kwa madabodi ya kampuni moja tu, na nyingine haiingii.

Pili, upepo. Kompyuta ni jiko dogo. Karibu umeme wote inaoutumia hugeuka joto, na hapa Dar es Salaam hewa yenyewe inaingia ikiwa tayari ya moto. Kwa hiyo tazama uso wa kasha. Ukiona kioo kitupu au plastiki iliyozibwa, uliza hewa inapita wapi. Chagua lenye matundu mbele, na wavu wa kuchuja vumbi unaochomoka bila bisibisi. Feni mbili za mbele zikivuta hewa ndani na moja ya nyuma ikiitoa, zinatosha kwa kazi nyingi. Taa hazipoozi kitu.

Tatu, pawasaplai. Makasha mengi ya bei poa huja nayo, na mara nyingi hapo ndipo mtengenezaji alipobana matumizi. Usisome namba kubwa ya wati peke yake. Soma kibandiko, kwenye mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya picha hula hasa hapo. Kibandiko kikidai wati 500, lakini mstari huo ukaonyesha ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni wati 216 tu. Zilizobaki hazifiki kwenye mstari huo. Ni afadhali ununue kasha la kawaida lisilo na pawasaplai, na fedha uliyookoa uiongeze kwenye pawasaplai nzuri. Ikiwa ni ya zamani yenye kiswichi chekundu nyuma, hakikisha kinasoma 230. Kikiachwa kwenye 115, itaungua mara tu utakapowasha.

Sasa umefika nyumbani. Kabla ya kuanza, chomoa plagi ukutani, kisha shika bati tupu la kasha ili umeme tuli wa mwilini usiharibu vipande. Hesabu matundu ya madabodi, na ufunge vijiguu vya shaba mahali penye matundu hayo tu. Kijiguu kimoja kilichosahauliwa katikati kinaweza kugusa njia za umeme chini ya madabodi na kuiua. Skrubu zikaze kwa kiasi, usikomoe. Feni nazo zina mbele na nyuma: hewa hutokea upande wenye vikono vinavyoshikilia mota. Ukiwa na shaka, ukishawasha, sogeza kipande cha karatasi laini uone kinavutwa au kinasukumwa. Kasha liache nafasi na ukuta nyuma yake, lisikae juu ya zulia, na wavu wa vumbi uusafishe kila mwezi.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Wengi mmewahi kugusa kasha na kuhisi vidole vinawasha. Fundi akacheka, akasema ni kawaida ya kompyuta. La hasha! Ndani ya pawasaplai mna chujio linalovujisha umeme kidogo kwenye bati, nao hutakiwa kushuka ardhini kupitia waya wa ethi. Ukihisi mwasho, mara nyingi ni ishara kwamba waya huo haupo au umekatika. Na siku waya wa moto utakapolegea na kugusa bati, hautakuwa mwasho tena. Kasha zima litakuwa umeme, na mtoto anayetambaa chini ya meza ndiye atakayeligusa kwanza.

Kwa hiyo, lile jino refu la plagi usilikate. Usitumie kiunganishi cha meno mawili, wala usichokoe soketi kwa kalamu ili plagi isiyo na ethi iingie. Mwite fundi umeme aipime ethi ya nyumba kwa kifaa, si kwa macho. Gharama yake haifiki bei ya madabodi moja.

Basi, ukienda dukani zima kwanza zile taa za rangi akilini mwako. Uliza upepo, soma kibandiko, kisha rudi nyumbani ukatazame soketi. Na mahojiano yenu, picha zenu na hesabu zenu, wekeni nakala mahali pengine leo hii, kwa sababu hakuna kasha linalodumu milele.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.