Plastiki Haiozi: Kitenzi Kimoja na Maji ya Port Bell

Katika zoezi la tafsiri la muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili aya moja ya habari za mazingira. Zaidi ya nusu yao waliandika kwamba chupa ya plastiki "huoza baada ya mamia ya miaka". Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro. Kosa limo katika jambo lenyewe, na nina wasiwasi kuwa ni sisi walimu tuliowafundisha, maana hata mimi nimewahi kuandika hivyo ubaoni. Makala haya basi yanahusu kitenzi *kuoza*. Yanahusu pia maji ya Port Bell, ambako niliwapeleka wanafunzi hao baada ya kuwarudishia madaftari.

Kuoza ni kazi ya viumbe hai. Maganda ya matooke yakitupwa shambani, bakteria na kuvu huyala, na mwishowe hubaki hewa, maji na mbolea. Plastiki za kawaida haziliki hivyo kwa kasi yoyote ya maana, kwa sababu minyororo ya molekuli zake ni mirefu na migumu mno kwa viumbe hao. Linaloipata plastiki ni jambo jingine. Jua huifanya ikauke na kukakamaa, kisha mawimbi, mchanga na magurudumu huipondaponda. Humeguka vipande, na vipande hivyo humeguka tena. Kilichotoweka ni umbo la chupa tu. Plastiki yenyewe karibu yote bado ipo. Vipande vikipungua chini ya milimita 5, wanasayansi huviita mikroplastiki, jina lililoenea baada ya makala ya Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2004.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, umoja wake ni mkroplastiki?" Darasa lilicheka, nami nilicheka pia, lakini ndivyo Kiswahili kilivyolipokea neno *kitabu* kutoka Kiarabu na kulipa wingi *vitabu*. Kwa sasa tuliweke neno hili katika ngeli ya I-ZI: mikroplastiki hii, mikroplastiki hizi.

Sasa twende bandarini. Port Bell, iliyopewa jina la Hesketh Bell, Mwingereza aliyefika kutawala Uganda mwaka 1906, ipo Luzira, kwenye Ghuba ya Murchison ya ndani. Meli za kutoka Kisumu na Mwanza zilitia nanga hapa, na Kiswahili bado husikika gatini. Karibu na hapo ndipo unapoishia Mfereji wa Nakivubo. Mfereji huu huanzia katikati ya jiji, hupita kandokando ya soko la Owino, hushuka kupitia eneo la viwanda na Bugolobi, huingia katika kinamasi cha mafunjo kinachokatwa na njia ya reli ya Port Bell, kisha humwaga maji yake ghubani. Kilomita chache tu ng'ambo ya ghuba hiyo hiyo ipo Gaba, ambako maji ya kunywa ya Kampala huvutwa na kusafishwa.

Niliwaomba wanafunzi wasimame kando ya maji na kutafuta vitenzi. Zoezi hili lilifaulu kuliko nilivyotarajia. Chupa *humeguka*. Kaveera *huchanika* na *kupukutika*. Tairi la bodaboda *hulika*, na vumbi lake jeusi husombwa na mvua hadi mferejini. Nguo ya poliesta *hunyonyoka* nyuzi kila inapofuliwa, na nyuzi hizo hazionekani kwa macho. Wavu wa nailoni *hufumuka* mikononi mwa mvuvi mwenyewe. Vitenzi sita, na kila kimoja kinataja chanzo chake cha uchafuzi. *Kuoza* hakikuhitajika hata mara moja, isipokuwa kwa magimbi yaliyosahaulika ukingoni.

Wanasayansi nao hufanya kazi ya aina hiyo, ila kwa vyombo. Mashua hukokota wavu juu ya maji, wavu wenye matundu ya takriban theluthi moja ya milimita. Kilichonaswa hutiwa dawa kali inayoyeyusha mimea na vijidudu lakini haiyeyushi plastiki, kisha hutiwa katika maji yenye chumvi nyingi ili vipande vielee. Mwisho humulikwa kwa mwale wa infraredi, nao huonyesha kila kipande ni cha plastiki gani. Kwa njia za namna hii Robert Egessa na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Rasilimali za Uvuvi, Jinja, walichunguza maji ya juu ya kaskazini mwa Ziwa Victoria na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020. Walipata kati ya chembe 0.02 na 2.19 katika kila meta moja ya ujazo. Nyingi zilikuwa polithini na polipropilini, yaani mali ya kaveera, magunia na vifuniko.

Msomaji atasema chembe mbili ni chache. Ndiyo, lakini tukumbuke wavu ule. Uzi wa nguo hupenya katika matundu yake kwa urahisi. Tena polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, ndiyo sababu huonekana juu. Plastiki ya chupa za maji na soda ni nzito kuliko maji. Chupa yenyewe huelea kwa sababu ya hewa iliyomo, lakini ikishameguka vipande vyake huzama na kulala kwenye tope. Ziwa lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Naili pale Jinja. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa mvuke, na plastiki haipandi na mvuke.

Kabla ya hapo, mwaka 2016, Francis Biginagwa na wenzake walikuwa wamechunguza matumbo ya sangara na sato walionunuliwa Mwanza. Plastiki ilithibitishwa katika asilimia 20 ya samaki wa kila aina. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza kutoka Maziwa Makuu ya Afrika. Sangara na sato hutumbuliwa kabla ya kupikwa, kwa hiyo kilichomo utumboni hutupwa. Mimi huwafikiria zaidi dagaa, hawa tunaowaita mukene, ambao huanikwa na kuliwa wazima, utumbo na yote.

Je, maji ya bomba yana madhara? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilisema kwamba ushahidi uliokuwapo haukuonyesha hatari kwa afya kwa viwango vilivyopimwa, ila ushahidi wenyewe ulikuwa mchache mno, ikataka utafiti zaidi. Nawasihi wanafunzi wasitafsiri kauli hiyo kuwa "maji ni salama" wala "maji yana sumu". Yote mawili nimeyaona katika madaftari.

Ripoti hiyo hiyo inaeleza kwamba usafishaji wa majitaka unaweza kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya mikroplastiki. Hapa tena kitenzi kinatupotosha, kwa maana *kuondoa* ni kutoka mahali kwenda mahali pengine. Chembe hubaki katika tope la mtambo, na tope lililokauka hupendwa na wakulima kama mbolea. Hivyo plastiki iliyokataliwa na maji hupokewa na udongo. Mwaka 2012 Matthias Rillig wa Berlin aliwakumbusha wenzake kuwa walikuwa wakiitazama bahari na kuusahau udongo. Mwaka 2016 watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walionyesha kwamba nyungunyungu waliowekewa plastiki nyingi katika chakula chao walikua kidogo na kufa zaidi. Hali kadhalika, nyungunyungu hubeba chembe na kuzishusha mashimoni mwao.

Kuhusu sheria nitasema kidogo tu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017, Tanzania Bara 2019. Sisi tuliandika katazo letu mwaka 2009, na Sheria ya Mazingira ya 2019 bado inakataza mifuko iliyo chini ya mikroni 30 tu. Iliyo minene huchelewa kupukutika, basi.

Orodha ya istilahi tuliyoanza Port Bell ina maneno 31 na imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara. Hatujapata neno zuri la tope la mtambo wa majitaka, wala la nyuzi zinazonyonyoka nguoni. Aliye nalo, hasa kutoka kwa mafundi cherehani au wafanyakazi wa mitambo, aliandike hapo chini kwa kalamu.